Kubuni muziki jukwaani hakuji tu kama upepo

Bendi za Marekani kama Grateful Dead na Phish zikiurefusha wimbo jukwaani, wengi husema kila mwanamuziki anapiga linalomjia kichwani. Imani hiyo ni ya miaka mingi, na si kweli. Phish walikuwa na zoezi lao: mmoja anaanzisha kipande kifupi, wengine watatu wanatafuta pa kuingilia, na kila anayewasikia wenzake wote anatamka “hei”. Hapo ndipo kipande kinabadilishwa.

Sikiliza “Dark Star” ya Grateful Dead, ile iliyorekodiwa jukwaani mwaka 1969, dakika 23 hivi. Besi ya Phil Lesh haishiki mdundo tu. Inajibizana na gitaa la Jerry Garcia, sentensi kwa sentensi. Mimi hunisisimua kila mara.