Jukwaa Dogo na Sauti Zinazovuja: Anza na Maiki ya Mwimbaji

Muziki ukisikika mchafu kwenye jukwaa dogo, mafundi wengi hukimbilia ikwalaiza, kifaa cha kuongeza au kupunguza besi na sauti kali. Mimi huangalia kwanza mwimbaji amesimama wapi na nani yuko nyuma yake. Mara nyingi ni mpiga drams, mita mbili tu, na maiki ya mwimbaji imewaelekea wote wawili.

Watu hudhani maiki ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi upande wa mbele, itawaokoa hapo. Haiwezi. Maiki ya aina hiyo, kama Shure SM58, husikia vizuri kilicho mbele yake, na drams ziko mbele yake pia, nyuma ya kichwa cha mwimbaji. Kichwa hicho ndicho ngao pekee, tena kinazuia zaidi sauti kali za matoazi. Mwimbaji akisogea pembeni wakati wa solo ya gitaa, ngao inaondoka na matoazi yanafurika kwenye spika. Ndiyo maana siondoi macho kwake: akiondoka, naishusha sauti ya maiki yake kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hadi 10. Siifungi kabisa, kwa sababu sehemu ya mlio wa drams tunaousikia ukumbini inapitia humo, na ukiikata ghafla kila mtu anahisi kitu kimepungua.

Kinachosaidia kweli ni umbali. Ukipunguza kwa nusu nafasi kati ya mdomo na maiki, sauti ya mwimbaji huongezeka kwa takriban desibeli 6, ilhali drams ziko palepale. Kutoka sentimita 20 hadi 5 ni desibeli 12. Sasa naweza kuishusha maiki kwa kiasi hichohicho, na kila kilichokuwa kinavuja kinashuka nacho. Hakuna kifaa cha pesa nyingi kinachonipa faida hiyo. Besi ya sauti itajaa kwa ukaribu huo, basi nakata sauti nzito za chini ya hezi 120 na mambo yanaendelea. Ila mwimbaji asikumbatie wavu kwa kiganja: akiziba matundu ya nyuma, maiki inaanza kusikia kila upande na filimbi, ule mluzi wa sauti ya spika kurudi kwenye maiki, haiko mbali.

Monita, yaani spika za jukwaani zinazomwezesha mwanamuziki kujisikia, nazo zina mahali pake. Kadioidi ni kiziwi zaidi nyuma kabisa, kwenye nyuzi 180, kwa hiyo monita moja ikae pale mkia wa maiki unapoelekea. Superkadioidi, maiki inayosikia eneo jembamba zaidi la mbele, kama Beta 58A, ukiziwi wake uko kwenye nyuzi 125 hivi kila upande, na nyuma kabisa inasikia kidogo. Ukibadilisha maiki, sogeza na monita.

Baada ya hapo ndipo nagusa miksa, na siyo kwa kuanzia ngoma ya mguu kama wengi wafanyavyo. Nafungua maiki za waimbaji kwanza, kwa kiwango zitakachokuwa nacho jioni, kisha bendi inapiga. Matoazi tayari yamo, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) tayari imo. Naongeza kilichokosekana tu, na kwenye ukumbi mdogo mara nyingi ni ngoma ya mguu peke yake. Nikiongeza maiki za drams juu ya hizo, mlio uleule unafika mara mbili: kwanza kwa maiki ya karibu, halafu kwa maiki ya mwimbaji iliyo mita mbili mbele, milisekunde 6 baadaye. Sauti hizo mbili zinafutana katika masafa fulani, na drams zinasikika kama ziko chumba cha pili. Zaidi ya hayo, kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, unapoteza kama desibeli 3 kabla ya filimbi kuanza.

Kompresa, kifaa kinachobana sauti zinapokuwa kubwa mno, naitumia kwa mkono mwepesi kwenye sauti ya mwimbaji. Ukirudisha desibeli 6 ulizobana, basi kila anaponyamaza, matoazi yamepanda desibeli 6. Geti, kifaa kinachofunga maiki sauti ikiwa ndogo, siiweki kabisa kwa mwimbaji, maana drams zitaingia na kutoka pamoja na maneno yake.

Kwa mpiga gitaa, ninainua ampu (spika ya gitaa) yake na kuilaza nyuma kidogo ilenge masikio yake. Ikikaa sakafuni inampuliza magotini, naye anaongeza sauti kwa sababu hajisikii. Nikiweza naigeuza ipige kukatiza jukwaa, isielekee maiki za waimbaji wala watu wa safu ya mbele.