Msumeno wa pembe wenye reli: yanayosemwa na yalivyo

Msumeno unaozungumziwa hapa ni ule ambao meza yake huzungushwa kushoto na kulia, kichwa chake hulazwa mshazari, na kichwa hichohicho husogea mbele na nyuma juu ya reli ili kukata mbao pana. Kwa fundi anayeutegemea kila siku, ushauri ni mwingi, na karibu wote hupima mashine kwa ukubwa na nguvu. Mimi ningeuliza kwanza kama msumeno uliowekwa digrii 90 leo, ukabebwa na kushushwa mara kadhaa, kesho utakuwa bado kwenye 90.

"Diski kubwa ndiyo mashine ya kazi"

Diski za misumeno hii huwa hasa za milimita 216, 254 na 305. Wengi hudhani kipenyo ndicho kinachoamua upana wa ubao utakaokatwa. Sivyo. Upana huletwa na reli, na ndiyo maana msumeno wa 216 wenye reli nzuri hukata ubao wa takriban milimita 300, karibu sawa na wakubwa wake. Kinachoongezwa na kipenyo ni kina. Kwa kawaida 216 hukata kina cha milimita 60 hadi 70, 254 hufika karibu 90, na 305 huzunguka 110.

Kwa hiyo tazama kazi yako. Fundi wa rafu, fremu za milango na mbao za chini ya ukuta ni nadra kuhitaji zaidi ya kina cha 216. Anayekata nguzo za milimita 100 kwa 100 atahitaji 305, la sivyo atakuwa anakata upande mmoja, anageuza, anamalizia upande wa pili, na mstari haukutani. Ila 305 ina gharama zake: diski ni ghali zaidi, hupinda kirahisi zaidi ikibanwa na mbao ngumu, na mashine yenyewe mara nyingi hupita kilo 25. Kama unaipandisha ngazi kila asubuhi, uzito huo si jambo dogo.

Namba zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni za kukata digrii 90. Zungusha meza hadi 45 na upana unabaki kama saba ya kumi: 310 inakuwa takriban 220. Laza kichwa hadi 45 na kina kinapungua sana, na kwenye mashine nyingi kikilazwa kulia kinapungua zaidi kuliko kushoto kwa sababu mota inazuia. Soma namba hizo zote kwenye kijitabu kabla ya kulipa.

"Mashine mpya hutoka kiwandani imenyooka"

Hii ndiyo dhana inayoharibu kazi nyingi kuliko zote, kwa sababu fundi hulaumu mbao, gundi, hata ukuta wa mwenye nyumba, kabla ya kuushuku msumeno wake. Mashine hupakiwa, hutupwatupwa njiani, na skrubu za kupimia hulegea. Mpangilio wa kiwandani ni mahali pa kuanzia tu.

Jaribio lake halihitaji kifaa cha bei. Chukua ubao mpana wenye kingo mbili zinazolingana, ukate katikati kwa digrii 90, kisha pindua kipande kimoja chini juu na uviegemeze vyote viwili kwenye ukingo ulionyooka, ncha zilizokatwa zikigusana. Upenyo wowote utakaouona ni kosa lako mara mbili. Ukionekana upande mmoja wa upana, meza imepotoka. Ukionekana juu au chini ya unene, kichwa hakijasimama wima.

Nusu digrii inaonekana kama kitu cha kupuuzwa. Kwenye ubao wa milimita 300 ni mwachano wa takriban milimita 2.6. Kwenye fremu ya pembe nne kuna mikato minane, na kila mmoja ukikosea nusu digrii upande uleule, unafika kona ya mwisho ukiwa na digrii 4 za kuficha kwa gundi na vumbi la mbao.

Basi swali la dukani si kama mashine imenyooka, ni kama inanyoosheka na kubaki ilivyonyooshwa. Tafuta skrubu zilipo. Zinafikika bila kufungua nusu ya mashine? Vile vituo ambavyo meza hujikamata yenyewe kwenye 0, 22.5 na 45, vinaweza kurekebishwa, na vinaweza kupuuzwa unapotaka digrii 44.5? Weka rula ya chuma kwenye ukingo wa nyuma unaoegemezea mbao, kutoka upande wa kushoto wa diski hadi wa kulia. Kama pande mbili hazimo kwenye mstari mmoja na hakuna cha kulegeza, rudisha mashine rafuni.

Reli nazo zijaribiwe hapohapo. Vuta kichwa hadi mwisho, shika mpini, usukume taratibu kushoto na kulia. Kila mashine itacheza kidogo, kwani chuma kirefu hupinda. Usichotaka ni kuhisi mtikiso wa kugonga, kana kwamba kitu kimelegea ndani. Hiyo ni beringi au bushi, na haitapona kwa kutumika. Reli ndefu kuliko unavyohitaji ni mchezo zaidi wa kichwa usio na faida. Angalia pia zinakotokea: zinazotoka nyuma hudai nafasi kubwa kati ya mashine na ukuta, na kwenye chumba chembamba hilo peke yake linaweza kukuamulia.

"Taa ya leza huleta usahihi"

Leza huonyesha mahali, hainyooshi pembe. Nyingi huonyesha upande mmoja tu wa njia ya msumeno, nazo hupotoka na kuhitaji kupangwa upya. Taa inayotupa kivuli cha diski juu ya mbao ni bora kwa maoni yangu: kivuli ni cha diski yenyewe, kwa hiyo ukibadilisha diski nyembamba kwa nene, nacho hubadilika bila kupangwa.

"Diski yoyote inayoingia inafaa"

Kwanza, isiingie kwa nguvu wala kwa kulegea: matundu ya katikati hutofautiana, milimita 30, 25.4 au karibu 15.9. Kasi ya juu iliyoandikwa kwenye diski isiwe ndogo kuliko kasi ambayo mashine huizungusha diski. Kisha kuna mwinamo wa meno, ambao wachache huuangalia. Diski ya msumeno wa meza, iliyotengenezwa kwa kupasua mbao kwa urefu, ina meno yaliyoinama mbele sana, digrii 15 hadi 20. Kwenye mashine ya reli meno kama hayo hunyakua mbao na kukirusha kichwa kuelekea kwako. Tafuta mwinamo mdogo sana, au hasi, yaani meno yaliyoinama nyuma. Idadi ya meno ni hesabu nyepesi zaidi: 24 kwa kazi ya haraka, 80 kwa kazi ya kuonekana. Ningechukua mashine ya daraja la kati na diski nzuri kabla ya mashine ya juu na diski iliyokuja nayo.

"Ukikata, vuta kuelekea kwako"

Hili ni la usalama, wala halina mjadala. Misumeno ya zamani iliyoning'inia kwenye mkono wa chuma juu ya meza kweli ilivutwa, na mazoea yakahama nayo. Wenye reli hukata kwa kusukumwa: vuta kichwa juu ya mbao kikiwa hakijagusa, washa, shusha, kisha sukuma kuelekea nyuma. Meno ya chini hukimbia kuelekea ukingo, kwa hiyo ukisukuma hubana mbao mahali pake. Ukivuta, diski hupanda juu ya mbao na kuja upande wa mikono yako. Ubao uliopinda uegemeze tumbo lake kwenye ukingo, na usinyanyue kichwa kabla diski haijasimama.

Wengine watakuambia mashine hii hukata hata chuma. Alumini, ndiyo, kama kijitabu kinaruhusu, kwa diski yake na mbao au jiliwa la kubana vizuri. Chuma, hapana: huzunguka mara 3,000 hadi 5,000 kwa dakika, wakati misumeno ya meno ya kukatia chuma huenda kwenye 1,300 hadi 1,500. Diski ya kusaga ni mbaya zaidi, maana cheche huangukia vumbi la mbao.

Kulaza kichwa pande zote mbili si anasa kwa anayefunga kornishi, kwa sababu hageuzi ubao kila kona. Kornishi ya kawaida ya 38/52 (digrii 38 na ukuta, 52 na dari) ikilazwa bapa huhitaji meza 31.6 na kichwa 33.9, na mashine nyingi zina alama hizo. Kwa anayekata mbao za paa tu, ni skrubu za ziada za kulegea.

Na ule mfuko wa vumbi usikudanganye. Hunasa sehemu tu, na chembe ndogo zaidi ndizo hupita. Vumbi la mbao limo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani la IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, tangu 1995. Chukua barakoa, na kabla ya kununua pima kipenyo cha mdomo wa kutolea vumbi ujue kama bomba la mashine yako ya kufyonza litaingia.