Programu Iliyozeeka: Uanze Kupanga Upya Sehemu Ipi?

Dhana: Kupanga upya, yaani kusafisha msimbo bila kubadili majibu yake, kuanze na faili lenye msimbo mbaya kuliko yote.

Ukweli: Faili la mistari 3,000 lisiloguswa kwa miaka na linalofanya kazi yake halimli mtu muda. Ukilipangua unajitafutia hitilafu mpya bure. Linaloumiza ni lile gumu ambalo pia hufunguliwa kila wiki, na Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, inalijua:

`git log --since=12.months --name-only --format= | sort | uniq -c | sort -rn | head -20`

Hayo ndiyo mafaili 20 yaliyobadilishwa mara nyingi zaidi katika miezi 12. Ondoa package-lock.json na mengine yanayoandikwa na mashine. Yaliyobaki yapime kwa `wc -l`, inayohesabu mistari. Ni kipimo cha kijima, ila kwa kuanzia kinatosha. Yanayoongoza kwa mabadiliko na kwa urefu pia ndiyo ya kwanza. Chagua mawili au matatu, basi.

Dhana: Inatosha kuchunguza faili moja moja.

Ukweli: Tazama pia yanayobadilishwa pamoja ingawa hayaitani. Mara nyingi kanuni moja imenakiliwa humo kote. Kenya ilishusha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, ikairudisha 16 Januari 2021. Palipoandikwa 0.16 kwenye risiti, ripoti na ankara, pote palifunguliwa mara mbili. Na kuikusanya namba hiyo mahali pamoja hakumalizi kazi: mteja aliyenunua Novemba 2020 akirudisha bidhaa Februari 2021, hesabu yake ni ya asilimia 14. Kinachohitajika ni jedwali la viwango lenye tarehe ya kuanza kwa kila kimoja, na hesabu isome tarehe ya mauzo, si ya leo.

Dhana: Bora kuandika yote upya.

Ukweli: Netscape, waliotengeneza kivinjari cha intaneti, walijaribu. Toleo la 4 lilitoka 1997, la 5 halikutoka kabisa, la 6 likaja Novemba 2000, na Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, ilikuwa imeshawapita.

Dhana: Majaribio yataandikwa kazi ikiisha.

Ukweli: Yatangulie. Chukua miamala halisi kama 50, futa majina ya wateja, ipitishe kwenye msimbo wa zamani na uhifadhi majibu yalivyo, hata yaliyokosewa. Kila hatua ya kupanga upya itoe majibu yaleyale. Kosa ulilogundua lirekebishe kwa badiliko lake peke yake, ili hesabu zikivurugika ujue lipi la kurudisha nyuma.