Mwendo Ndio Unaoua Msumeno wa Tundu

Wiki hii kijana wa tatu ameingia karakanani kwangu hapa Mwanjelwa, sinki la stenlesi kwapani, mkononi msumeno wa tundu (kile kikombe chenye meno kinachofungwa kwenye drili) wa kipenyo cha milimita 35 ambao meno yake yamelainika na ukingo umegeuka bluu, akilalamika kuwa ameuziwa feki. Nilipomuuliza drili aliiendesha kwa mwendo gani, alijibu kwa fahari: "Nilibana swichi mpaka mwisho, mzee. Chuma hakitaki mzaha."

Basi tupige hesabu. Mzingo wa msumeno huo ni takriban milimita 110, kwa hiyo drili ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila jino linasafiri mita 330 kwa dakika juu ya bati. Meno ya baimeta, yaani ya metali mbili zilizounganishwa, hutaka mita 30 hivi kwenye chuma laini, na nusu yake kwenye stenlesi, yaani mizunguko 135 tu kwa dakika. Kijana alizidisha zaidi ya mara ishirini, kisha akamlaumu muuza duka. Wanaonijibu kwamba keekee yao ya milimita 6 huvumilia mwendo mkubwa wanasahau kuwa kipenyo kikikua, jino hukimbia zaidi ingawa drili ni ileile.

Stenlesi ina hila nyingine inayonikera kwa sababu hufanya waoga waonekane waangalifu: ukipunguza mwendo lakini ukaugusisha msumeno kijuujuu, meno husugua badala ya kukata, na pale yanaposugua bati hukomaa likawa gumu kuliko lilivyokuwa. Kandamiza kwa uthabiti, weka mafuta, na utazame chenga: zikitoka zimejikunja unakata, zikitoka unga unasaga. Kuhusu mafuta yenyewe, nimetumia oili ya injini na hata mafuta ya alizeti ya jikoni, na siwezi kuapa ipi imenitunzia meno zaidi. Nakiri pia kuwa kuna misumeno iliyonifia kwenye tundu la nne nikiwa nimefuata kila ninachokihubiri hapa.

Mbao hazina maneno mengi. Paini ya Sao Hill inastahimili mwendo mkubwa zaidi, mradi uutoe msumeno mara kwa mara kumwaga vumbi, kwa kuwa kinachochoma mbao ni vumbi lililokwama kwenye mfereji. Tangi la plastiki nalo litoboe polepole, la sivyo plastiki itayeyuka na kuganda kwenye meno. Na kwa koneta ya nusu inchi, kile kiungo cha kuunganisha bomba na tangi, chukua msumeno wa milimita 22, kwa maana nyuzi zake zina kipenyo cha karibu milimita 21 kwa nje.

Sinki la kijana tulilitoboa kwa msumeno wangu wa zamani, polepole kiasi kwamba ungeweza kuyafuata meno kwa macho. Kisahani kilipodondoka alikiokota kwa vidole vitupu, akakigeuzageuza, kisha akauliza kama duka lingekubali kumrudishia fedha zake.