Kinyama kwenye mdomo wa mbwa: kipimwe kwanza

Mbwa wangu ameota kinyama kwenye ufizi, ni kansa?

Si lazima. Kama bado ni mtoto na vinyama ni vingi, vimekaa kama koliflawa kwenye midomo na ulimi, mara nyingi hiyo ni papiloma, inaletwa na virusi na huisha yenyewe ndani ya mwezi mmoja mpaka mitatu hivi. Lakini mbwa mzee mwenye kinyama kimoja, jino limelegea, mate yana damu, mdomo unanuka, anatafuna upande mmoja tu, huyo tafadhali usimngojee. Kansa inayoongoza mdomoni mwa mbwa ni melanoma, kansa ya seli zinazotengeneza rangi nyeusi, na watu wengi wanasubiri waone weusi kumbe zingine hazina rangi, ziko pinki tu.

Si daktari akate tu iishe?

Hapana jamani, hapa ndio tunaumiza mbwa wetu. Kinyama kinakatwa juu juu, kinatupwa, na baadaye kinarudi kikubwa zaidi na hakuna anayejua kilikuwa nini. Omba baiopsi, yaani kipande cha kinyama kipimwe maabara, tezi za chini ya taya zipimwe na kifua kipigwe eksirei, maana melanoma hukimbilia tezi na mapafu. Kama hujui pa kuanzia, pale Kabete Chuo Kikuu cha Nairobi kiko na kliniki ya wanyama wadogo.

Na hiyo chanjo ya melanoma?

Ipo, Marekani iliipa leseni kamili 2010. Haizuii ugonjwa, anapewa mbwa ambaye tayari anao, baada ya uvimbe kukatwa au kupigwa mionzi: dozi 4, moja kila wiki mbili, halafu nyingine kila miezi 6. Inafundisha kinga ya mwili kushambulia seli za melanoma, ila tafiti hazijakubaliana inasaidia kiasi gani, kwa hivyo mtu asikuuzie kama muujiza. Kuna pia elektrokemo: mbwa akiwa amelala kwa dawa anachomwa sindano ya bleomisini, dawa ya kansa, kisha uvimbe unapitishwa mipigo mifupi sana ya umeme ili seli zifunguke dawa iingie.

Mbwa wangu huruka geti kila usiku, kuna shida?

Iko, na mwambie daktari hilo mapema. Kuna kansa ya kuambukizana, mbwa huipata wakipandana au kunusana na kulambana sehemu za siri, na inaweza kumea mdomoni au puani. Lakini hii hutibika vizuri sana, dawa ya kansa iitwayo vinkristini kwa mshipa kila wiki, mara nyingi wiki 4 hadi 6, na damu ipimwe kabla ya kila sindano kwa sababu dawa hiyo hushusha chembe nyeupe.