Mkanda wa jeshi: yasemwayo mtaani na yaliyo kweli

"Mkanda ukikutana, unakufa." Nimeisikia kauli hii hapa Busia, Uganda, ninakofanya kazi ya uuguzi, nimeisikia Bombo, na wagonjwa wanaotoka Arua huja nayo hivyo hivyo. Waganda wanauita ugonjwa huu kisipi, waswahili tunauita mkanda wa jeshi, na hofu ni ile ile: malengelenge yakianzia mgongoni na kuzunguka ubavu hadi ncha mbili ziguse, familia ianze kuandaa mazishi.

Idadi ya wanaokufa kwa mzunguko huo ni sifuri. Virusi vinavyoleta mkanda ni varisela-zosta, ndivyo vilivyokupa tetekuwanga zamani. Tetekuwanga ikipona, virusi havitoki mwilini. Vinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo, na vinaweza kukaa humo miaka 30, hata 50. Kinga ikilegea kwa umri, kwa VVU, kwa saratani au kwa dawa za steroidi za muda mrefu, vinaamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye kipande cha ngozi kinachohudumiwa na mshipa huo. Mishipa ya kulia haivuki kwenda kushoto, ndiyo maana vipele hukoma katikati ya tumbo na katikati ya mgongo. Mtu ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kutokewa na vipele pande zote mbili au mwili mzima, na huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hatari yake inatoka kwenye kinga iliyoanguka. Mduara hauhusiki.

Kauli hii naichukia kwa sababu inakula muda wa mgonjwa. Akishaiamini, humtafuta kwanza mtu wa kuzuia ncha zisikutane. Siku ya kwanza anapakwa majani, ya pili majivu, ya tatu anachanjwa kwa wembe pembezoni mwa vipele ili "visivuke". Vidonda vya wembe vinaingiza bakteria na pepopunda, na wembe ukitumika kwa watu wawili unabeba na VVU. Na siku hizo 3 ndizo ambazo dawa ya kweli ingefanya kazi vizuri zaidi.

Dawa yenyewe ni asaiklovia. Mtu mzima hupewa miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7, na inatakiwa ianze ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Vidonge vingi madukani ni vya miligramu 200 au 400, kwa hiyo usishangae kuambiwa umeze 4 au 2 kwa mara moja. Wapo wanaodhani muuzaji amekosea, wakapunguza wenyewe. Mwenye ugonjwa wa figo hupangiwa dozi ndogo, ndiyo sababu ni vema kupimwa kituoni kuliko kujinunulia. Ukichelewa, njoo tu. Kama malengelenge mapya bado yanatokea, au kinga yako ni dhaifu, au ugonjwa uko usoni, dawa bado itaanzishwa.

Hapa kuna kosa jingine la duka la dawa. Mtu anaeleza kwamba ana mkanda, anarudi nyumbani na kitubu cha krimu ya asaiklovia na kopo la amoksilini. Krimu hiyo haifiki kwenye mshipa ambako virusi vinazaliana, na amoksilini inaua bakteria, virusi haivigusi. Kiuavijasumu kina kazi pale tu vidonda vinapotunga usaha. Malengelenge nayo yasipasuliwe. Osha kwa maji safi na sabuni, kausha taratibu, funika kwa kitambaa safi kisichobana.

"Una kisipi, basi una UKIMWI."

Hofu hii ina mzizi, nami sitaki kuidharau. Miaka ya 1980 na 1990, kabla ARV, dawa za kufubaza VVU, hazijawafikia watu, kijana wa Uganda aliyepata mkanda mara nyingi alikuwa na VVU, na wazee wetu walilijua hilo kwa kuzika watoto wao. Hadi leo Shirika la Afya Duniani linauweka mkanda katika hatua ya pili ya dalili za VVU. Lakini mkanda unampata pia mtu asiye na VVU kabisa. Marekani, karibu mtu 1 kati ya 3 huupata katika maisha yake, wengi wao kwa sababu ya umri tu. Mzee wa miaka 68 mwenye mkanda hana la kuwaeleza majirani.

Ushauri wangu kwa mgonjwa yeyote ambaye hajui hali yake ni kupima, hasa akiwa chini ya miaka 50. Kipimo ni bure kwenye vituo vya serikali na majibu hutoka siku ile ile. Tangu 2016 Uganda inamwanzishia ARV kila anayekutwa na virusi bila kusubiri CD4, chembe za kinga zinazopimwa kwenye damu, zishuke. Na kuna jambo linalowachanganya wengi: miezi ya kwanza ya ARV, kinga inapoanza kurudi, mkanda unaweza kuibuka. Dada yangu, kaka yangu, usiache vidonge kwa kudhani ndivyo vilivyokuletea. Endelea navyo, na mkanda utibiwe pembeni.

"Asiguswe, ataambukiza nyumba nzima." Nimeona jaja, yaani bibi, akitengewa sahani, kikombe na kibanda cha nyuma, na hiyo ni dhuluma. Mkanda haupitishi mkanda. Maji ya malengelenge yakimgusa mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, huyo anaweza kupata tetekuwanga. Vipele vikiwa vimefunikwa, hatari inapungua sana, na vikikauka na kuwa magamba, kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 10, imekwisha. Wa kukaa mbali kwa siku hizo ni mjamzito ambaye hajaugua tetekuwanga, mtoto mchanga, na mtu mwenye kinga dhaifu. Wengine wote wale naye, wamfulie, wamwogeshe kama anahitaji kuogeshwa, kisha wanawe mikono.

Kwamba ni ugonjwa wa wazee peke yao, si kweli. Kwamba ukiupata mara moja haurudi, si kweli pia, ingawa wengi hawaupati tena.

Uso nitausema kwa msisitizo. Vipele vikitokea kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, usisubiri kesho. Mshipa unaofika kwenye ncha ya pua unahudumia jicho pia, na virusi vikiingia jichoni vinaweza kuacha kovu kwenye kioo chake na kupofusha. Anzishiwa asaiklovia kituoni na uombe rufaa ya macho. Hospitali za Mulago na Mengo kule Kampala, na Ruharo kule Mbarara, zina wataalamu.

Kisha kuna maumivu yanayobaki. Ngozi imepona, ndugu wamerudi kwao, lakini mama bado hawezi kuvaa sidiria kwa sababu kitambaa tu kinamchoma kama moto. Miezi 3 ikipita akiwa hivyo, huo ni ugonjwa unaojulikana: mshipa uliharibiwa na unaendelea kupiga kelele. Kadiri umri unavyoongezeka ndivyo uwezekano wake unavyoongezeka. Hapa ndipo watu huambiwa wamerogwa, au wanajidekeza. Parasetamoli mara nyingi haitoshi. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, au gabapentini, huwasaidia wengi, na zote zinahitaji kuandikwa na daktari. Kama muuguzi akikuambia "umeshapona, nenda nyumbani", mwombe akupeleke kwa daktari.

Sasa chanjo, ambayo wengi wetu tunaisikia kwa ndugu walioko ng'ambo. Uingereza huwachanja wazee wao kwa mpango wa taifa, na tangu Septemba 2023 wanatumia chanjo iitwayo Shingrix. Hapa Uganda chanjo ya mkanda haimo kwenye ratiba ya taifa, kwa hiyo anayeitaka hujilipia. Ndiyo maana uamuzi lazima uwe na sababu.

Wanaoniuliza huanza na "itanipa mkanda wenyewe". Shingrix haina kirusi hai. Ina kipande cha protini yake tu, hivyo haiwezi kukuambukiza. Chanjo ya zamani, Zostavax, ilikuwa na kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtu mwenye kinga dhaifu alikatazwa. Iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020. Katazo hilo bado linazunguka, na watu wanaotumia ARV wanaambiwa chanjo si yao. Ni kinyume: Marekani iliruhusu Shingrix kwa wenye kinga dhaifu kuanzia miaka 18 mwaka 2021, kwa kuwa wao ndio wanaoihitaji zaidi.

Nguvu yake ni kubwa. Majaribio yaliyochapishwa 2015 na 2016 yalionyesha kinga ya asilimia 97 kwa wenye miaka 50 na kuendelea, na asilimia 91 kwa waliofika 70. Mkono utauma, uchovu na homa vinaweza kukulaza siku moja au mbili. Madhara makubwa ni nadra. Ugonjwa wa mishipa uitwao Guillain-Barré umetajwa, kwa watu wachache mno.

"Nimeshaugua, ya nini tena?" Ukishaugua bado unaweza kuchanjwa, ila usubiri ugonjwa uishe kabisa. Wala usiikimbilie ukiwa na malengelenge, maana chanjo haitibu. Mjamzito naye husubiri ajifungue.

Nani aipe kipaumbele? Kwa maoni yangu: aliyepita miaka 50 na ana uwezo, mgonjwa wa saratani (azungumze kwanza na daktari wake kuhusu wakati), aliyepandikizwa figo, na anayeishi na VVU ambaye ARV zake zimekaa sawa. Kama fedha iliyopo ni ada ya shule ya watoto, lipa ada, kisha jua dalili: kuchomachoma na maumivu upande mmoja, siku kadhaa kabla ya vipele. Ukijua hivyo utawahi zile saa 72.

Ukiamua kuchanja, piga simu hospitalini kwanza uulize kama ipo. Uliza bei ya dozi zote 2, kwa sababu moja haitoshi. Ya pili hufuata baada ya miezi 2 hadi 6, na mwenye kinga dhaifu anaweza kuipata baada ya mwezi 1 au 2. Uliza inahifadhiwa wapi umeme ukikatika, maana inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda inatupwa.