CCNA: Yanayosemwa Barazani na Yanayoulizwa Mtihanini

"CCNA ni ya waliosoma hesabu nzito chuoni." Si kweli. CCNA ni cheti cha ufundi wa mitandao ya kompyuta, kinachotolewa na kampuni ya Cisco. Cisco haidai shahada wala cheti kingine kabla ya kukalia mtihani wake, wenye namba 200-301, na hesabu yake kubwa ni kuzidisha na kugawanya kwa mbili.

Chukua gesti ya Shela, Lamu, yenye mtandao wa 192.168.10.0/24, yaani anwani 256. Mwenyewe anataka simu za wageni zitengwe na kompyuta ya ofisi na kamera. Ukiukata kwa /26 unapata mafungu manne ya anwani 64. Kila fungu lina 62 za kuvipa vifaa, maana ya kwanza hutambulisha fungu lenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Sasa fundi aipe kamera 192.168.10.70, maski (namba inayoonyesha ukubwa wa fungu; hii ndiyo ya /26) 255.255.255.192, lango (anwani ya ruta, njia ya kutokea nje) 192.168.10.1. Taa zinawaka, waya mzima, lakini mwenyewe akiwa Mombasa haoni kitu. Ile 70 imeangukia fungu la pili, la 64 hadi 127, na lango liko fungu la kwanza. Asiyejua atabadilisha ruta. Anayejua atasahihisha anwani kisha aende zake kuswali adhuhuri.

"Bila ruta na swichi za kweli hutoboi." Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ni bure, ukijisajili tu Networking Academy, shule ya mtandaoni ya Cisco. Jenga mtandao, kisha uuharibu makusudi: badilisha maski, ondoa VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) moja kwenye trunki (waya unaobeba VLAN nyingi kati ya swichi), halafu tafuta ulipokatika. Kubana vichwa vya waya ndiko kunakotaka waya wenyewe mkononi.

"Siku hizi ni Wi-Fi tu, nyaya zimepitwa." Anayesema hivi hajafunga Wi-Fi Mkomani, Lamu. Kuta nene za matumbawe na chokaa hunyonya mawimbi, ya 5 GHz zaidi kuliko ya 2.4 GHz, kwa hiyo utavuta waya hadi orofani uweke kifaa kingine huko. Na kwenye 2.4 GHz, chaneli zinazotumika bila kuingiliana ni 1, 6 na 11.

"Alama ya kupita ni 825." Cisco haitangazi alama hiyo.

"Maswali yenyewe yanauzwa WhatsApp." Achana nayo. Cisco ikikugundua inaweza kufuta matokeo na kukufungia mitihani yake. Halafu mtihani ni dakika 120, na swali ukishalipita hulirudii. Aliyekariri herufi za majibu akikuta anwani zimebadilishwa hana pa kushika.

"Ukikipata ni chako maisha." Ni miaka 3, kisha unakihuisha.

"Utaufanya nyumbani, raha mustarehe." Inaruhusiwa, ila chini ya kamera, chumbani peke yako, na mtu akiingia unaweza kusimamishwa. Ada ni dola 300 kabla ya kodi, na ukianguka unalipa upya. Kama nyumba yenu ina watoto wanaopita kila mlango na umeme wa kukatika, nauli ya kwenda kituo cha mtihani ni rahisi zaidi.